ADABU YA WANAFUNZI NA DAFTARI LA ADHABU

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, nayo yachapishwa hapa kwa ombi la Halmashauri ya Chama.)



 Mimi si mwalimu, wala sikusomea ualimu. Kazi yangu ni ukarani, kama ilivyo kazi ya wengi wenu, na karani akisimama kusema habari za shule, watu wana haki ya kumwuliza amepata wapi maarifa hayo. Lakini jambo nililoombwa kulisema lahusu watoto wetu, na juu ya watoto hakuna mzazi aliye mgeni. Tena katika mkutano uliopita lilitolewa shauri humu, ya kwamba Chama kiwaandikie barua wakuu wa shule za mji huu, kuwaomba wazidishe fimbo, kwa maana adabu ya wanafunzi imepungua. Shauri lile halijapigiwa kura. Mimi nalikuwa mmoja wa waliolipigia makofi. Leo nasimama kuwaeleza kwa nini nimegeuza nia, nanyi mtahukumu kama nimeigeuza kwa sababu njema au kwa udhaifu.

Kwanza nakiri ya kwamba malalamiko yana ukweli. Sote tumewaona watoto wenye sare za shule wakirandaranda sokoni saa nne za asubuhi. Tumesikia matusi yakitoka vinywani mwa watoto wasiojua bado kufunga kamba za viatu vyao. Tumepitwa njiani pasipo salamu na watoto tuliowapakata walipokuwa wachanga. Mtu asemaye ya kwamba hakuna neno, huyo hapiti njia tunazopita sisi. Wazee walisema, samaki mkunje angali mbichi, nami siwapingi. Akunjwe, ni lazima. Swali langu ni hili tu: ni mkono gani umkunjao, naye anakunjwa kuelekea wapi?

Sasa nitaeleza jinsi nilivyogeuka. Katika nchi yetu, kanuni za adhabu ya viboko shuleni zilizotolewa mwaka 2002 ziliagiza mambo yaliyo wazi. Viboko visizidi vinne. Apige mkuu wa shule mwenyewe, au mwalimu aliyempa ruhusa kwa maandishi. Msichana apigwe na mwalimu mwanamke, ila pale ambapo shule haina mwalimu mwanamke. Na kila mara adhabu itolewapo, iandikwe daftarini: jina la mtoto, kosa lake, hesabu ya viboko, na jina la mwalimu aliyepiga, kisha mkuu wa shule atie sahihi yake. Mtu wa ofisi akizisoma kanuni hizi ataona ya kwamba aliyeziandika alijua hatari ya kiboko kisichoandikwa.

Mimi ni mjumbe katika kamati ya shule moja, ambayo sitaitaja jina, kwa kuwa makosa nitakayoyaeleza yamo katika shule nyingi, na mengine yamo nyumbani mwangu. Muhula uliopita Mwalimu Mkuu aliniomba nimsaidie kunakili daftari lile, maana kurasa zake zilikuwa zimelowa kwa mvua iliyopita katika paa bovu, na wino umeanza kupotea. Nikalichukua nyumbani siku ya Jumamosi, nikaketi nalo mezani kama niketivyo na daftari lolote la serikali, nikitazama safu na tarehe. Nikaona mambo matatu.

Jambo la kwanza, majina yalikuwa yale yale. Shule ina mamia ya watoto, lakini majina kama tisa hivi yalirudi ukurasa baada ya ukurasa, tangu mwanzo wa muhula hata mwisho wake. Nikajiuliza: dawa iponyayo hunywewa na mgonjwa yule yule kila juma mwaka mzima? Sisi ofisini tukiona faili moja larudi mara kumi juu ya neno moja, hatusemi ya kwamba faili lile ni kaidi. Twasema, mahali fulani shauri hili halikuamuliwa sawasawa.

Jambo la pili, zaidi ya nusu ya makosa yalikuwa kuchelewa namba, na waliochelewa karibu wote walitoka upande mmoja, ng'ambo ya mto. Na tarehe zao zilikuwa tarehe za masika. Hakuna mwalimu aliyeandika neno mvua, maana daftari lina safu ya kosa, halina safu ya sababu. Mtoto amevuka maji yafikayo kiunoni, madaftari ameyabeba kichwani; akifika anapigwa viboko viwili, kisha anaketi darasani na nguo mbichi hata saa sita. Siku ya pili ni vivyo hivyo. Siku ya tatu akiona ya kwamba amechelewa, haji kabisa; aenda zake sokoni. Mabwana, hao ndio tuwaonao wakirandaranda. Tulitaka kuzidisha fimbo ili watoke sokoni, kumbe fimbo ndiyo iliyowapeleka.

Jambo la tatu lilikuwa jina la mwanangu. Limeandikwa mara nne katika muhula mmoja, kwa kosa la kupiga kelele darasani. Yeye alikuwa hajaniambia, nami nalikuwa sijamwuliza. Nawaambieni kweli, sikuumaliza ukurasa. Nilimwita, nikampiga, nikaona nimetimiza wajibu wa baba. Mtoto hakulia wala hakusema neno. Baada ya siku tatu alimweleza bibi yake, na bibi yake akanieleza mimi, tena kwa maneno ambayo sitayarudia katika mkutano wa heshima kama huu.

Habari yenyewe ni hii. Mwalimu akitoka darasani, humwachia monita kipande cha karatasi ili aandike majina ya wapiga kelele. Watoto ni zaidi ya themanini katika chumba kimoja, nao hawakuachiwa kazi ya kufanya. Basi kelele hupigwa na wote, bali majina yaandikwayo ni machache. Ni yapi? Yule aliyempa monita ubuyu, au nusu ya kipande cha muhogo, jina lake hufutwa. Asiyetoa kitu huandikwa. Mwanangu alikuwa na ubuyu mfukoni, lakini alikataa kuutoa, kwa kuwa mimi baba yake nimemwambia mara nyingi ya kwamba rushwa ni haramu. Basi alipigwa shuleni kwa kunitii, na nyumbani akapigwa tena kwa kuwa amepigwa shuleni.

Wenzangu, sisi ni watumishi wa serikali. Tumehudhuria mafunzo ya maadili, tumetundika kutani maandishi yakatazayo rushwa, na kila mmoja wetu amewahi kuona fomu ikipenyezwa dirishani na noti imekunjwa ndani yake. Twashangaa, twasema, mtu huyu amejifunza wapi? Huenda alijifunza darasa la tano, kwa kipande cha muhogo. Hakuna mwalimu aliyemfundisha kwa maneno. Alifundishwa na karatasi ile ya monita, iliyokwenda mezani kwa mwalimu, ikasomwa, ikafuatwa, wala hakuna aliyeuliza imeandikwaje.

Hapa ndipo nilipo, na mengine yote nitakayosema ni maelezo ya neno hili: mtoto hujifunza adabu kwa jinsi sheria za shule zitendekavyo mbele ya macho yake. Kama sheria yatenda haki, atajifunza haki. Kama sheria humpata mnyonge na kumwacha mjanja, atajifunza ujanja. Mkizidisha viboko juu ya utaratibu mbovu, mtakuwa mmezidisha somo lile baya.

Fikirini ofisi zetu wenyewe. Mimi nimefanya kazi chini ya wakubwa wawili. Wa kwanza alikuwa mkali mno. Saa moja na nusu kamili daftari la mahudhurio lilipigwa mstari mwekundu, na aliyefika baadaye aliandikiwa barua pasipo kuulizwa neno. Nasi tukajifunza nini? Tukajifunza kutiliana sahihi. Mkubwa wa pili alifika kazini kabla yetu. Akiona mtu amechelewa mara mbili, alimwita faragha akamwuliza, "Kuna nini nyumbani?" Tena mtu akifanya kazi vizuri, alilisema jambo hilo mbele ya wenziwe. Chini yake sikumwona mtu aliyethubutu kumtilia mwenziwe sahihi. Tuliona haya. Basi ikiwa sisi watu wazima wenye mishahara tulikuwa hivyo, mtoto wa miaka kumi na mmoja atakuwa namna gani?

Msidhani ya kwamba mawazo haya ni mageni katika nchi yetu. Mwaka 1928 ilianzishwa shule ya serikali huko Malangali, upande wa Iringa, chini ya W. B. Mumford, na wazee wa upande ule waliitwa kuingia shuleni kuwafunza vijana desturi na heshima za kwao. Ilionekana ya kwamba shule ikimwondoa mtoto mikononi mwa wazee wake pasipo kuweka kitu badala yao, humtoa kijana ajuaye kusoma asiyejua kuamkia. Mpango ule haukudumu miaka mingi, lakini swali lake lingali lipo. Hata mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alipotoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, alitaka wanafunzi washiriki katika kuamua mambo ya shamba la shule yao, wapate kuona faida na hasara ya maamuzi yao wenyewe. Wengi waliofuata walilikumbuka jembe, wakasahau kuamua. Jembe likageuka kuwa adhabu: mtoto akikosa, apelekwe kulima, akikosa tena, afagie uwanja. Na mtoto aliyefundishwa ya kwamba kulima ni malipo ya uovu, atakipenda kilimo lini?

Tuwatazame na jirani zetu. Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001. Huko Uganda, katika wilaya ya Luwero, shule za msingi 42 zilifanyiwa uchunguzi, na habari zake zilitolewa mwaka 2015. Nusu ya shule zile, yaani 21, zilipewa mpango wa miezi 18 wa kutengeneza mwenendo wa shule nzima. Walimu, wanafunzi na wazazi walishirikishwa, wanafunzi wakapewa sauti katika mambo ya shule yao, na walimu wakafunzwa njia za kurudi watoto pasipo kupiga. Mwisho wake wanafunzi waliulizwa kama wamepigwa na mtu wa shule katika juma lililopita. Katika shule zisizopewa mpango, 49 katika kila 100 walisema ndiyo. Katika shule zilizopewa, ni 31 katika kila 100. Mwaona wenyewe ya kwamba hata huko fimbo haikutoweka. Desturi ya miaka mingi haiondoki kwa miezi 18. Walakini yaweza kupunguzwa, na shule zisianguke.

Najua lile jibu litakalotoka kwa wakubwa zangu, maana nami nimelisema mara nyingi: "Sisi tulipigwa, nasi tumekuwa watu." Naam, tumekuwa watu, na baadhi ya walimu waliotupiga twawaombea heri hata leo. Lakini tukitaka ushahidi kamili, sharti tuwaulize na wale walioanza darasa la kwanza pamoja nasi wasifike la saba. Hao hawamo katika mkutano huu.

Wala sisemi haya kuwalaumu walimu. Mwalimu aliye na watoto themanini, madawati machache, na daftari la kusahihisha la kila mtoto, akifika nyumbani usiku hana nguvu za kusikiliza hata watoto wake mwenyewe. Fimbo ni njia fupi, na mtu aliyechoka hupita njia fupi. Basi tukimwomba aiache, yatupasa kumsaidia kuipata njia nyingine. Nami natoa mashauri matano, ambayo kamati yetu imeyazungumza na Mwalimu Mkuu, na mengine yamekwisha kuanzwa.

La kwanza, sheria ziwe chache, tena ziseme lipi litendwe. Ubao wa shule yetu ulikuwa na makatazo ishirini na matatu. Nilimwuliza mtoto mmoja aniambie matano, akashindwa. Sasa ziko sheria nne, nazo husomwa mstarini kila Jumatatu na wanafunzi wenyewe kwa zamu: fika mapema, heshimu kila mtu, tunza mali ya shule, fanya kazi yako kwa uaminifu.

La pili, kabla ya adhabu iulizwe sababu, na sababu iandikwe. Nimechora safu mpya katika daftari lile. Ni kazi ndogo, rula na kalamu tu. Lakini mwalimu akilazimika kuandika sababu, hana budi kuiuliza kwanza. Watoto wa ng'ambo ya mto wamepewa ruhusa, siku za mvua kubwa, kuingia darasani pasipo adhabu, na wazazi wa upande ule wamepanga zamu ya kuwavusha.

La tatu, liwepo daftari la mema pia. Mtoto aliyeokota fedha akazirudisha, aliyemsaidia mwenziwe mgonjwa, aliyekuwa mchelewaji akawahi juma zima, huyo aandikwe, na jina lake lisomwe mstarini siku ya Ijumaa. Wazee walisema, mcheza kwao hutunzwa. Lakini shule nyingi zina kumbukumbu ya makosa tu, na mtoto atakaye kujulikana na mwalimu wake haoni njia nyingine ila kukosa.

La nne, karatasi ya monita iondolewe. Viranja wachaguliwe kwa kura za wenzao, na zamu ya kusimamia darasa ibadilike kila juma, ili kila mtoto aonje uzito wa kazi ile. Na mwalimu akitoka, aache kazi ubaoni. Darasa lenye kazi halihitaji askari.

La tano, adhabu ikipasa kutolewa, ifanane na kosa, nayo itengeneze kilichoharibika. Aliyechana kitabu akigandishe. Aliyemtukana mwenziwe amwombe radhi mbele ya wale waliosikia. Asiyefanya kazi yake aifanye wakati wa mapumziko. Kwa njia hii mtoto hujua ya kwamba kosa ni deni, na deni hulipwa likaisha. Viboko vikiisha mtoto hudhani amelipa, ijapokuwa kitabu kingali kimechanika.

Na sisi wazazi tusikae kando. Mtoto hawezi kuwahi shule ikiwa nyumbani analala saa tano kwa sababu ya televisheni yetu. Hawezi kumheshimu mwalimu tunayemdharau mezani wakati wa chakula. Wala hawezi kusema kweli katika nyumba ambamo anayegonga mlango kudai deni huambiwa na mtoto, "Baba hayupo," na baba yupo chumbani. Nasema haya nikijihesabu na mimi.

Je, shule imebadilika? Sitawadanganya. Ni muhula mmoja tu tangu tuanze. Matusi bado yako. Mwalimu mmoja amesema wazi ya kwamba haamini mambo haya, na kamati imemwacha aone mwenyewe. Lakini nimelitazama tena daftari la adhabu, na wale watoto tisa sasa ni wanne. Wawili kati ya wale wa ng'ambo ya mto wameandikwa katika daftari la mema. Kwa karani hii ni habari ya maana, kwa kuwa imetoka katika safu, haikutoka katika sifa za watu.

Basi, Bwana Rais, naomba shauri la mkutano uliopita libadilishwe. Chama kiandike barua kwa wakuu wa shule, ndiyo. Lakini barua iwaulize mambo mawili: kama daftari la adhabu linaandikwa sawasawa na kanuni, na kama kamati ya shule hulisoma. Tena Chama kijitolee kitu. Humu tuna makarani, mafundi wa ujenzi, wauguzi na watunza hesabu. Kila shule ya mji huu ipewe mwanachama mmoja wa kwenda siku moja kwa mwezi kusaidia kazi za maandishi, ili mwalimu apate saa moja zaidi ya kukaa na watoto. Mimi naandika jina langu la kwanza katika orodha hiyo, nayo iko juu ya meza ya Bwana Katibu.

Mwanangu nimemwomba radhi, mbele ya bibi yake. Haikuwa rahisi, maana sikulelewa kuona baba akimwomba mtoto radhi. Aliniitikia, "Haya, baba," akaenda kucheza. Tangu siku ile hunieleza habari za shule kila jioni, na nyingine si njema. Lakini sasa nazipata kutoka kinywani mwake, kabla sijazisoma daftarini.

 Ikiwa nimekosa katika neno lolote mbele ya wakubwa zangu, naomba nisahihishwe, nami nitapokea.